Mkono wa Clem Ndani ya Picha

Jumanne, 6 Agosti

Barua imefika. Karatasi nzito, nembo ya jumba la sanaa la mji juu yake. Thao Lam, anayechagua picha za jumba, atakuja studio Alhamisi tarehe 29, saa nne asubuhi. Ni kwa ajili ya ile picha kubwa, aliyoiona Aprili kabla haijaisha. Wanafikiria kuiweka katika mkusanyo wao wa kudumu. Si ahadi. "Kuitazama kwa nia ya kuipokea" — ndivyo alivyoandika.

Nimeisoma mara tatu. Halafu nimefagia sakafu.

Miaka sita ya kupaka rangi. Picha zilizowahi kutoka kwenye mlango huu: tano. Mbili ziko kwa binti yangu Rosslyn, moja kwa daktari wangu wa meno, mbili sijui ziliko. Nina miaka sitini na tisa. Kwa miaka arobaini na saba nilinunua na kuuza sufu hapa Geelong, kusini mwa Australia, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama mimi ni mnunuzi wa sufu kweli. Nikisema leo kwamba ni mchoraji, watu hutabasamu na kuuliza habari za goti langu. Jumba likiichukua ile picha, mjadala umekwisha. Lisipoichukua, mimi ni mstaafu anayejiburudisha tu. Sioni njia ya tatu.

Nimempigia Rosslyn. Ameuliza kama ni ile nyeupe.

— Ina weupe kumi na saba, nimemwambia.

— Hongera, Baba. Kuta za choo changu zina wa kumi na nane.

Lakini alikuwa anatabasamu. Husikika hata kwenye simu.


Alhamisi, 8 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Mwanga mzuri.

Ghorofa hii ya juu ya ghala la zamani la sufu, studio yangu, ndiyo ya mwisho kubaki kama ilivyokuwa. Chini wameshagawa nyumba za kupangisha. Mwakani watafika huku. Paa ni lile lile la meno ya msumeno, vioo vyote vimeelekea kusini, jua lisiingie moja kwa moja. Waliolijenga hawakuwa wakifikiria wachoraji. Walitaka saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri sufu ionekane rangi ile ile, asije mtu akanunua jua akidhani ananunua sufu.

Maneno hayo ni ya Clem Hartigan. Aliniambia siku yangu ya kwanza, 1966. Nilikuwa na miaka kumi na sita na viatu vya kaka yangu. Clem alikuwa na thelathini, mthamini mkuu, koti jeupe, mikono inang'aa kwa mafuta ya kondoo. Alinisimamisha mbele ya marobota sita yaliyopasuliwa mbavu, akaniuliza naona rangi gani. Nikasema nyeupe. Akasema, "Nenda kanywe chai, kijana. Rudi ukiwa na macho."

Nilirudi. Nilichukua miaka minne kuona weupe saba. Hadi naondoka nilikuwa naona thelathini na kitu. Haukuwa ujuzi wenye kazi nyingine duniani. Nilipouza kampuni nilijiunga na darasa la kuchora katika ukumbi wa mtaa. Peari kwenye bakuli. Peari zangu zilikuwa mbaya, mwalimu hakunificha. Lakini alisimama muda mrefu mbele ya kitambaa cha meza nilichokipaka nyuma ya bakuli. "Ondoa peari," akasema. Tangu siku hiyo sijachora kitu chenye jina.


Jumamosi, 10 Agosti

Tatizo. Nimegusa pembe ya chini ya picha kubwa: kidole kimezama. Miezi mitano, na bado haijakauka!

Sababu naijua. Rangi ya mafuta na nta ya nyuki peke yake haikunipa ule weupe wa sufu isiyooshwa, ule wenye njano kwa ndani. Nilijaribu kila kitu. Mwezi wa Machi nikachanganya na mafuta ya sufu yenyewe, kopo zima kutoka kwa mzee mmoja anayetengeneza marhamu. Weupe ukaja. Na harufu — ghala zima likanuka kama mwaka 1970. Nilifurahi sana nikaijaza picha nzima, unene wa vidole viwili, katikati hata vitatu.

Mafuta ya sufu hayakauki. Mwenye duka lolote la rangi angeniambia. Mtu wa sufu tu ndiye angeweza kukosea hivi: nilichagua kwa pua.

Thao aliuliza Aprili kama itakauka. Nilimwambia ndiyo.


Jumapili, 11 Agosti

Nimempigia Clem kwenye makao ya wazee ya Belmont. Ana themanini na tatu. Macho yamekwisha katikati; anaona pembeni tu. Akitaka kukutazama usoni hulitazama sikio lako.

— Nani?

— Alwyn.

— Alwyn yupi?

— Unawajua wangapi?

— Mmoja, na alikuwa ananizidi bei.

Nikamwambia wanataka kulibadilisha ghala, na kama anataka kulipanda mara ya mwisho, Rosslyn atamfuata Jumatano. Ni kweli. Sikumwambia sababu nyingine. Nataka aijue picha ile kabla ya Thao. Sijui kwa nini, kwa mtu asiyeona. Sijawahi kununua robota kubwa bila kutaka kujua kwanza Clem kasema nini.

— Kuna ngazi ngapi? akauliza.

— Arobaini na mbili.

— Bado? Nilidhani wangepunguza.


Jumatano, 14 Agosti

Naandika yote, kwa mpangilio, kabla sijaanza kuyapamba.

Saa tano kasoro robo walifika. Clem alipanda kwa kushika ukuta, akahesabu kwa sauti, akapumzika ngazi ya ishirini na ya thelathini na tano. Alivaa tai. Rosslyn alikuwa nyuma yake, mikono mbele, kama mtu anayengoja kudaka chungu.

Mlangoni alisimama. Akainua uso kwenye vioo.

— Kusini, akasema.

— Kusini.

— Hujapaka vioo rangi?

— Sijagusa.

— Vizuri. Mjinga mmoja kule Melbourne alivipaka.

Akaenda kwa kukumbuka, si kwa kuona. Alipita pale mizani ilipokuwa, akaizunguka, ingawa imeondolewa miaka ishirini sasa. Rosslyn alitaka kumwelekeza, nikamzuia. Nilikuwa nimeanza kusema, Clem, kuna picha moja nataka — lakini alikuwa ameshainusa. Nilimwona akiinusa. Mabega yalinyooka.

Akaiendea moja kwa moja. Akakunja mkono wa koti. Akasema, si kwangu, kwa sakafu nzima, kama zamani: "Haya, tuone mlicholeta."

Akatia mkono.

Si kidole. Mkono. Katikati kabisa, palipo panene, akasukuma hadi turubai, akakunja ngumi, akavuta — vile vile alivyokuwa akipasua robota na kuvuta kishungi ili kupima urefu wa nywele zake. Mimi nilikuwa hatua nne nyuma. Ningeweza kupiga kelele. Kusema kweli sikufikiria. Kwa sekunde ile nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa nangoja atasema nini.

Alinyanyua alichokishika kuelekea kioo. Kisha akakipeleka sikioni, akakivuta kwa vidole viwili, akakipiga kwa kucha. Sufu nzima hulia kama kamba ndogo kabisa ya gitaa. Sufu ya mwaka wa ukame hukatika katikati.

Hakikulia chochote. Kilimwagika kwenye kola yake.

— Dhaifu katikati, Clem akasema.

Rosslyn kaweka mkono mdomoni.

Halafu Clem akasugua vidole, akavinusa tena, na nikaona akielewa. Ilichukua muda. Rangi ilikuwa imefika kwenye saa yake.

— Alwyn. Hii si sufu.

— Hapana.

— Ni nini?

— Ni picha yangu, Clem.

Akageuza kichwa pembeni aione. Akakigeuza upande wa pili.

— Ya nini?

— Si ya kitu. Ni hii. Ghala.

Alisimama na mkono mweupe mbele yake, mbali na koti. Alisema anaomba radhi. Katika miaka hamsini na tatu sijawahi kumsikia akiomba radhi kwa yeyote, hata siku alipomkanyaga dalali. Nilimwambia si neno. Rosslyn akachemsha maji, tukamwosha kwenye beseni, tukala pai za nyama zilizopoa. Hakuzungumza tena hadi ngazi ya mwisho ya kushuka.

— Lakini ilikuwa dhaifu katikati, akasema.


Alhamisi, 15 Agosti

Nimekaa mbele yake siku nzima. Tundu. Upana wa ngumi, vidole vinne vinaonekana vilikopita, turubai tupu ndani. Chini rangi inaning'inia kama ulimi.

Siku kumi na nne zimebaki.


Jumamosi, 17 Agosti

Nimechanganya rangi ya kuzibia. Weupe wa tisa na wa kumi na moja. Kisu mkononi, saa mbili asubuhi. Saa tisa alasiri kisu kiko mkononi bado. Chini, wapangaji wanasikiliza mpira wa Kiaustralia. Timu yetu inacheza, nyumba nzima inaguna pamoja.

Sikuweza. Kwanza nilidhani ni huruma kwa Clem. Si hiyo. Clem alisema kweli. Katikati palikuwa dhaifu. Nilijua tangu Mei, nikawa naongeza rangi juu, kama mkulima anayefunika sufu mbovu kwa safu moja ya nzuri. Sasa pale penye tundu ndipo picha inapoanza. Jicho linaingia hapo na kutoka hapo. Sikupafanya mimi.

Jambo hili nimewahi kulipitia.

1974, sakafu hii hii. Kila fungu la sufu lilikuwa na kadi, na kadi haikuwa halali mpaka watu wawili wawe wametia mikono na kuandika herufi za majina yao kwa chaki ya nta ya buluu: mkubwa juu, mdogo chini. Likaja fungu kutoka shamba la Karngoon, marobota kumi na moja, machafu, kila mtu kalipita. Clem akatia mkono. Akakaa nao ndani muda mrefu. Akasema, "Kijana, hii ni nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga. Usimwambie mtu." Kabla hajaandika akaitwa ghorofa ya chini. Akaniachia kadi na chaki.

Niliandika A.T. juu. Chini nikamwomba karani wa mizani aandike zake.

Waitaliano waliponunua na kuona walichonunua, waliulizia A.T. ni nani. Wakanialika Biella, mji wao wa viwanda vya sufu. Huko nikapata wateja wangu wa kwanza, na kutoka hapo kampuni, nyumba, shule ya Rosslyn, hata hii studio. Clem alibaki na koti lake jeupe hadi alipostaafu. Hakuwahi kutaja.

Nimefunika rangi kwa karatasi. Nimetoka nje nikatazama ghuba. Tulishindwa kwa pointi moja, nimesikia.


Jumanne, 20 Agosti

Belmont. Clem yuko kwenye kiti cha dirishani, mkono wa kulia umelala juu ya goti peke yake. Muuguzi analalamika: mzee hakubali ule mkono uoshwe kwa sabuni. Tangu Jumatano.

— Mkono bado unanuka, Clem akaniambia. Nusa.

Nikanusa. Sufu.

— Nimelala vizuri wiki nzima, akasema. Umeziba?

— Bado.

— Ziba. Kuna mwanamke wa jumba anakuja, Rosslyn kaniambia. Ziba, kijana. Nisikuharibie.

Nikasema kuna kitu nataka kumwambia. Nilikuwa nimejiandaa garini, sentensi tatu, zimenyooka. Nikasema, kadi ya Karngoon.

Nje mtu alikuwa anakata majani kwa mashine.

— Sabini na nne, akasema.

— Sabini na nne.

— Marobota kumi na moja.

— Ulijua?

— Niliiona kadi jioni ile ile. Unaandika T kama msalaba wa kaburi. Nilingoja uje kuniambia. Nikangoja wiki, nikangoja mwaka. Nilikuwa nimepanga namna ya kukutukana, ilikuwa nzuri sana. Halafu siku moja nikiwa mezani mke wangu akaniambia, Clem, supu inapoa. Nikala. Ikaisha.

— Haikuisha kwangu.

— Hilo ni lako. Mimi nilikula supu.

Akacheka, akakohoa, akanitazama sikioni.

— Yale matusi nimeyasahau. Hilo ndilo linaloniuma.

Nikabaki hadi chakula cha mchana. Kondoo wa kuoka. Clem akasema ni mzee kuliko yeye.


Jumapili, 25 Agosti

Nimerudi kwenye picha. Sijagusa tundu. Nimefanya kazi kuelekea tundu: nimepunguza. Nimekwangua karibu nusu ya weupe wa tatu upande wa kushoto, ule niliouweka Mei kwa woga. Kilo mbili na nusu za rangi kwenye ndoo. Ulimi wa chini nimeuacha.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Naiandika hapa maana hapa hasomi mtu.

Na kama uzuri wake ni ngumi ya Clem? Thao anakuja kutafuta mchoraji. Nikimwambia kwamba mzee kipofu alidhani ni robota, hana cha kupeleka kwenye kamati. Ni kituko cha kusimulia kwenye chai. Nikinyamaza, hatajua. Hatajua kamwe. Rosslyn hatasema. Clem mwenyewe kaniambia nizibe.

Nyamaza, basi. Ni rahisi. Niliwahi kuifanya kwa chaki moja.


Jumatano, 28 Agosti

Nimefagia. Nimetafuta ile chaki ya buluu kwenye sanduku la zamani, nimeipata, imekuwa ngumu kama mfupa. Nimeipasha moto mfukoni. Sijui kwa nini.

Rosslyn: Baba, vaa shati safi, na usimpe yule mwanamke hotuba ya weupe kumi na saba.

— Umebaki kumi na tano.

— Maendeleo, akasema.


Alhamisi, 29 Agosti

Saa nne na nusu. Naandika kwenye meza ya kazi, Thao kashuka kwenda garini kuchukua kamera na utepe wa kupimia. Dakika chache.

Alifika saa nne kamili, koti la mvua, viatu vya kutembelea mlimani. Hakusalimia picha mara moja, na nilimpenda kwa hilo. Alitazama vioo kwanza. Alisema babu yake alikuwa na karakana ya hariri kule Huế, Vietnam, na madirisha yalikuwa upande mmoja tu. Kisha akasogea. Akarudi nyuma. Akasogea tena hadi pua ikakaribia kugusa.

Nilianza na lililo rahisi.

— Haikauki, nikamwambia. Nilikwambia itakauka. Nilikosea, kuna mafuta ya sufu ndani.

— Naisikia harufu yake tangu ngazini, akasema. Tutailaza kwenye kasha la kina kifupi. Tumewahi kupokea moja ya asali. Hiyo ilikuwa na sisimizi.

Kisha akasimama mbele ya tundu. Muda mrefu. Nilihesabu, siwezi kuacha kuhesabu: dakika nne.

— Aprili hapa hapakuwa hivi.

— Hapakuwa.

— Aprili nilitaka kuikataa, Alwyn. Nikuambie kweli. Ilikuwa nzuri na yenye uangalifu mno, kama mtu anayeogopa kuvunja vyombo. Niliandika ile barua kwa heshima tu. Lakini hapa... Akaweka mkono wake mbele ya tundu, bila kugusa, vidole vinne mahali pa vidole vinne. Hapa ulijisahau. Hapa ulitaka kitu. Hii ndiyo nitakayoipeleka kwenye kamati, na kamati hainikatalii mara nyingi. Niipime tu, niipige picha, ujaze fomu.

Nikasema asante. Akaniachia fomu, akashuka.

Fomu iko mbele yangu. Jina la kazi. Mwaka. Vifaa. Jina la msanii — mstari mmoja, mfupi. Vifaa nimejaza: mafuta, nta ya nyuki, mafuta ya sufu. Jina la msanii bado.

Nimesimama nikaenda kwenye picha. Ubavuni kuna mbao tupu, upana wa vidole vitatu. Chaki imelainika. Nimeandika C.H. juu, mahali pa mkubwa. Chini yake nimeandika A.T., na T imetoka kama msalaba wa kaburi.

Anapanda. Ngazi ya thelathini, kwa mlio. Thelathini na tano, hapumziki. Yuko mlangoni. Ameona buluu, kwenye weupe wote huu lazima uione buluu. Anauliza C.H. ni nani.

Nimemwomba angoje nimalize mstari huu.